MASANDUKU MANNE, SWETA HATA MOJA HAKUNA! MASTAA WA BONGO NA SAFARI ZA KUUZA SURA

Mjini kuna mambo, wadau. Ubuyu wa leo hauhusu nani kaachwa wala nani kahongwa gari. Unahusu begi. Ndiyo, begi la safari. Kaa mkao wa kula.

Staa mmoja wa kike hapa Bongo, jina kapuni, wafuasi wake Insta wanazidi laki tano, Januari alipaa zake Istanbul kula bata siku tano. Safari ilitangazwa wiki mbili kabla, na siku iliyosalia ikahesabiwa kama Idi. Siku ilipofika akatokea Jengo la Tatu pale Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere akiwa na masanduku manne yanayofanana rangi, na chawa watatu wanaoyasukuma huku wanarekodi.

Tiketi yake ilikuwa inaruhusu mabegi mawili, kila moja kilo 23. Dada wa kaunta akamwambia kistaarabu: lipia ziada au punguza. Bei ya ziada ilipotajwa, staa akakumbuka ghafla kwamba anaweza kupunguza. Sanduku likafunguliwa palepale sakafuni, foleni nzima inaona.

Chanzo kilichokuwa kwenye foleni hiyo kinasimulia kilichotoka. Mawigi sita. Michuchumio jozi tisa. Magauni ya kung'aa ambayo lebo hazijakatwa, kwa sababu yanatakiwa kurudi dukani Sinza yakiwa mapya. Taa ya duara ya kupigia picha na mguu wake. Makopo ya mekapu yasiyo na idadi. Kitu ambacho hakikuonekana ni sweta. Wala raba. Wala hata vidonge vya kichwa.

Nyuma yake alikuwa amesimama mama mmoja wa Kariakoo, wale wanaofuata mzigo wa nguo Laleli. Begi moja, na lenyewe karibu tupu. Raba miguuni, jaketi zito mkononi, mtandio shingoni. Akaangalia yale mawigi, akaangalia saa, akanyamaza. Mama wa watu alikuwa anajua kitu ambacho mwenye wafuasi laki tano hakukijua: Januari Istanbul ni baridi.

Na hapo ndipo pa kuanzia maneno, maana hili sio la dada mmoja. Ni ugonjwa wa mji mzima. Mastaa wa Bongo hawafungashi kwa ajili ya safari, wanafungasha kwa ajili ya kamera. Na wanaoumia sio wao peke yao, ni mabinti na vijana wanaowaiga bila kujua nyuma ya picha kuna nini.

ISTANBUL HAIJUI WIGI

Turudi kwa staa. Dar ameondoka joto la kuchemsha chai juani. Kule Januari joto linacheza chini ya nyuzi 10, upepo wa Bosphorus unakata kama wembe, na theluji huwa inaanguka. Mitaa ya Sultanahmet imetandikwa mawe, na ukienda upande wa Galata ni milima ya kupanda na kushuka. Sasa weka mchuchumio juu ya mawe yenye maji ya theluji. Malizia mwenyewe.

Picha zilizopanda zilikuwa nyingi, zaidi ya arobaini. Ukizikagua vizuri sehemu ni tatu: chumba cha hoteli, ngazi za hoteli, na mgahawa ulio chini ya hoteli. Siku tano! Mji ambao una kisima cha chini ya ardhi chenye nguzo 336, kilichojengwa karne ya 6 na bado kimesimama. Mji wenye msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita. Mji ambao kwa nauli ya boti ya kawaida kabisa unavuka kutoka Ulaya kwenda Asia huku unakunywa chai. Hivyo vyote alivionea kwenye simu, kama ambavyo angeviona akiwa kitandani Mbezi, kwa bando la buku mbili.

Siku ya pili alijaribu kutoka. Akaenda Hagia Sophia na kigauni kinachoishia mapajani, kichwa wazi. Pale pamekuwa msikiti tena tangu mwaka 2020, na mwanamke anatakiwa afunike kichwa na mwili. Akarudishwa mlangoni akajistiri kwanza. Badala ya kununua mtandio pale pale nje, maana wanauza, akaingia laivu na kulia kwamba kabaguliwa. Komenti zikafurika, Waturuki wakatukanwa mpaka babu zao.

Ubaguzi uko wapi hapo? Watalii wakikatiza Mji Mkongwe kule Zanzibar na chupi ya kuogelea, hawa hawa ndio wa kwanza kuandika "hawana heshima, wafukuzwe". Heshima ni ya kwa wenzako tu? Wewe ukienda kwao unaiacha Dar kwa sababu haikuingia kwenye sanduku?

Na haya hayakuanzia Bongo. Mwaka 2013 mwanamuziki mmoja mkubwa wa dunia aliombwa aondoke kwenye eneo la Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed, Abu Dhabi, kwa picha ambazo wasimamizi waliona haziendani na hadhi ya mahali pale. Na yule alikuwa amejifunika mwili mzima! Kwa hiyo somo lina miaka zaidi ya kumi. Mtandio mmoja uzito wake haufiki robo kilo. Kanga pair moja inafunika kichwa, inafunika miguu, inakuwa shuka kwenye ndege na taulo ukikwama. Bibi zetu walisafiri na kanga wakaiona Makka na Muscat. Leo mtu ana masanduku manne na hana kitambaa cha kichwani.

Siku ya tatu mafua. Ya nne homa. Ya tano ndege. Karudi na picha, hana hata stori moja ya mji.

"NI KAZI YAKE, NYIE MNA WIVU"

Tayari kuna watu wameshaanza kuandika hivyo, na hoja yao isikilizwe. Wanasema picha ndiyo ofisi ya staa. Duka linampa magauni ayatangaze, hoteli inampa punguzo, wafuasi wanataka kuona vitu vizuri. Akienda na raba na sweta la mtumba nani ataangalia?

Sawa kabisa. Kazi ni kazi, na kupiga picha kumi na saba kwa siku ukiwa unatetemeka sio kazi nyepesi. Lakini basi iitwe kazi. Isiitwe "likizo", isiitwe "najipa raha baada ya mwaka mgumu", isiitwe "dada zangu jipendeni, mnastahili hivi". Mchinjaji haiti bucha pikiniki. Ukimwambia binti wa Mbagala kwamba hii ndiyo likizo, naye ataamini kwamba kusafiri ni masanduku manne, na kwamba bila masanduku manne asithubutu hata kuomba pasipoti.

Na ndivyo inavyokuwa. Kuna binti mmoja wa saluni, maeneo ya Tandale, alijibana mwaka mzima na wenzake watatu waende Dubai siku nne. Wazo zuri, lipigiwe makofi. Tiketi ya ofa wakapata, chumba wakachanga. Ilipobaki wiki tatu likaja swali la nguo. Mmoja akatuma kwenye grupu picha za mastaa, pamba ya asubuhi, pamba ya mchana, pamba ya usiku, na "usirudie nguo, utaonekana mshamba". Binti akaingia kwenye kikoba akakopa. Nguo zikala hela kuliko tiketi. Alipofika Dubai hakuwa na hela ya kupanda juu ya Burj Khalifa, akapiga nayo picha kwa chini. Deni la kikoba analipa mpaka leo, na gauni lenyewe harudii kulivaa kwa sababu "lishapostiwa".

Nani kamdanganya? Hakuna aliyemwandikia barua. Kadanganywa na mtu ambaye gauni lake lilirudi dukani Jumatatu.

SASA SIKIA HILI LA BEGI LA SHEMEJI

Mpaka hapo mtu anaweza kusema ni mambo ya ushamba na baridi tu, yatapita. Hili linalofuata halipiti.

Binti mwingine, umri miaka ishirini na mbili, mrembo, anapenda safari kama wengi. Akaota jamaa, mtu wa mkwanja, anaitwa "shemeji" na kila rafiki yake. Jamaa akatoa ofa: tiketi ya kwenda Asia wiki moja kutembea, hela ya matumizi, na zaidi ya yote begi. Begi jipya kubwa, lishapangwa kila kitu kama ya mastaa. Magauni, viatu, mafuta, mpaka nguo za kulalia. "Wewe usihangaike, mama, ingia tu kwenye ndege." Binti akapiga picha begi likiwa wazi kitandani, akaposti, mioyo ikamiminika.

Usiku wa kuamkia safari shangazi yake akaja kuaga. Shangazi huyu ni mtu wa biashara, Guangzhou ameenda mpaka amechoka. Akalinyanyua lile begi, akaliweka chini, akalinyanyua tena.

"Mbona zito hivi, mwanangu? Nani kalifunga?"

"Shemeji yako, shangazi. Kaniwekea kila kitu."

"Na hivi viatu vya kiume?"

"Vya rafiki yake. Kuna mtu atavipokea kulekule."

"Huyo rafiki ana jina?"

Binti akanyamaza.

"Na huyo wa kupokea?"

Kimya.

Shangazi akatoa kila kitu, akapapasa kuta za begi, akagonga soli za vile viatu. Halafu akasema neno moja tu: "Huendi." Binti akalia, akatukana, akasema shangazi ana roho mbaya, hataki kuona mtoto wa mwenzie anafanikiwa. Asubuhi jamaa alitumwa bodaboda kulifuata begi kwa kasi ambayo hajawahi kuifuata hata sherehe ya kuzaliwa ya huyo binti. Baada ya hapo simu ikazimwa, akaunti ikafutwa.

Ndani kulikuwa na nini? Hakuna aliyejua mpaka leo. Labda soli nzito tu. Lakini mtu asiye na la kuficha huwa hafuti akaunti kwa sababu ya jozi moja ya viatu.

Wanaojua habari za Hong Kong hawatacheka hapa. Kuna Watanzania wamefungwa kule kwa kubeba dawa za kulevya, na baadhi yao waliandika barua kutoka gerezani kuwaonya wenzao nyumbani wasikubali kubebeshwa. Barua zile zilitangazwa kwa msaada wa padri anayehudumia wafungwa. Adhabu ya juu ya kusafirisha dawa kule ni kifungo cha maisha. China bara, gramu 50 za heroini zinatosha kumfikisha mtu kwenye adhabu ya kifo. Gramu 50 ni nyepesi kuliko kopo la mekapu! Na hapa nyumbani sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya nayo ina kifungo cha maisha. Forodha wakifungua begi, swali la kwanza ni "hili begi ni lako?" Ukisema ndiyo, na kilichomo ni chako.

Sasa unganisha. Binti aliyefundishwa kwamba begi kubwa lililojaa pamba ndiyo hadhi, akipewa begi kubwa lililojaa pamba bure, atakataa kwa nguvu gani? Mastaa hawakumpa lile begi. Walimfundisha tu kulitamani bila kuuliza limefungwa na nani.

BEGI LA MTU ANAYEENDA KUTEMBEA

Lisiwe lawama tupu. Yule mama wa Kariakoo, kila anayesafiri naye anajua kanuni zake, na haziuzwi kwenye kozi ya mtandaoni.

Kwanza, begi unafunga mwenyewe kwa mkono wako. Mzigo wa mtu haubebwi, awe shemeji, awe jirani, awe mtu wa ibada aliyekutana nawe kwenye foleni na kukuomba umsaidie "kilo tatu tu". Uungwana wa kwenye daladala hauingii kwenye ndege.

Pili, angalia hali ya hewa ya unakokwenda kabla hujagusa kabati. Julai Cape Town ni baridi na mvua. Julai Dubai nje ni tanuri, ila ndani ya maduka kiyoyozi kinagandisha, kwa hiyo sweta jepesi hata kule linahitajika.

Tatu, miguu. Kutembea kuangalia mji ni kutembea kweli, asubuhi mpaka jioni. Raba moja iliyokwisha kuzoea mguu, sio mpya ya kuchubua. Mchuchumio mmoja wa usiku unatosha, hakuna atakayekamatwa kwa kuurudia.

Nne, dawa. Hapa watu wanacheza na moto. Dawa za maumivu kama tramadol na zenye kodini, ambazo mtu anaweza kuzikuta kwenye kabati la nyumbani, Falme za Kiarabu zinadhibitiwa vikali, zinataka kibali kabla ya kuingia nazo. Misri mwaka 2017 mwanamke mmoja Mwingereza alihukumiwa miaka 3 kwa kuingia na vidonge 290 vya tramadol, mwenyewe akisema ni vya mgongo wa mwenzake. Beba dawa zako kwenye paketi yake, na cheti cha daktari, na uliza kwanza. Mirungi ndiyo usiiwaze kabisa.

Tano, pawabenki inakaa begi la mkononi, haiendi kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege, maana betri ikishika moto kule hakuna wa kuizima. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na ile ya elfu ishirini inayouzwa Kariakoo huwa haifiki hapo. Plagi nazo: ya Bongo ya miguu mitatu bapa inaingia Dubai bila neno, lakini Uturuki ni matundu mawili ya duara. Kibadilishio kimoja, umemaliza.

Sita, lotion na pafyumu za begi la mkononi, viwanja vingi bado wanataka kila chupa isizidi mililita 100. Ile chupa kubwa uliyonunua kwa mbwembwe itaishia kwenye ndoo ya takataka huku unaiangalia.

Saba, na hii ndiyo siri ya mama: acha nafasi. Begi linaloondoka limejaa halina pa kuwekea ulichokifuata.

Vyote hivyo vinaingia kwenye begi moja la kilo 23, na kilo kadhaa zinabaki. Hela iliyobaki ndiyo tiketi ya kuingia makumbusho, ndiyo boti ya kuvuka, ndiyo chakula ambacho jina lake hulijui.

Hakuna anayewakataza mastaa kupendeza. Pendezeni, tupieni, ng'aeni, ndiyo raha ya mji huu. Ila siku moja, mmoja wao tu, apige picha ya begi lake la kweli. Sweta, raba, kanga, dawa za homa, na lile gauni la kuazima likiwa na lebo yake. Aandike chini: hili gauni sio langu, nalirudisha Jumatatu. Mabinti wangapi wangelala bila deni la kikoba? Wangapi wangepata ujasiri wa kuuliza "begi hili kalifunga nani?"

Yule staa wa Istanbul kesharudi mjini, mafua yameisha, na kishatangaza safari nyingine. Masanduku safari hii ni matano. Shangazi yuko Kariakoo anauza nguo, na yule binti siku hizi anamsaidia dukani. Juzi alijaza fomu ya pasipoti upya, maana ile ya kwanza ilikuwa kwa shemeji.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Begi lako la safari linafungwa na nani? Shusha komenti, ila matusi baki nayo kwako.